Ningefuta

Saa sita usiku, Ganjoni, juu ya duka la vipuri,
feni ikizunguka kama mtu asiyetaka kujibu,
niliandika amri moja fupi:
rudisha yote yawe kama yalivyokuwa Jumatatu.

Nikabonyeza.
Haikuniuliza, "Una hakika, Mbeyu?"
Hata mwizi wa kuku huangalia nyuma.

Siku tatu za hesabu zikaenda:
ada ya kontena linalolala bandarini,
siku za bure, siku za faini,
ule mzunguko niliousuka upya mara nne
mpaka Idi ikaacha kuhesabiwa kama siku ya kazi.
Zilikuwa ndani ya faili linalojulikana,
lenye jina kwenye daftari, lenye nasaba,
na lenye nasaba ndilo lililorudishwa utotoni.

Asubuhi Shekue, mdomo umejaa hamri:
"Hukusajili? Basi hukuandika.
Mali bila daftari..."
Akaniachia nimalizie mwenyewe.

Nilimalizia kimoyomoyo. Kisha nikaona.
Chini kabisa ya orodha
faili moja halikuguswa.
Sikuwahi kulisajili.
Nililianza Februari, matanga hayajaanuliwa,
nikaliita dzombo, basi, bila nukta wala kiambishi,
nikawa nanakili humo jumbe za sauti za kaka yangu
neno kwa neno, hata kikohozi:
"Mbeyu, nimefika Kongowea, vitunguu vimepanda
(anakohoa)
usininunulie shati. Ninunulie betri."

Amri ilipita juu yake
kama mwenye kuhesabu watu apitavyo mlango usio na namba.
Jumatatu haikuwa na habari naye.
Asiye na jana, utamrudisha jana ipi?

Nikacheka peke yangu.
Dzombo, aliyeshinda miaka sita akitafuta kitambulisho
(leta cheti cha babu, leta chifu, leta babu mwenyewe),
ambaye kibanda chake Mwembe Tayari kilipigwa alama nyekundu
kikavunjwa kabla ya adhana ya alfajiri
kwa kukosa kibali,
humu ndani, kwa kukosa kibali,
ameachwa.

"Usifurahi," akasema Shekue. "Kuna amri nyingine,
ya kufagia. Hiyo waliosajiliwa haiwagusi.
Yatafuta hao hao wasio na karatasi,
na ikishafagia, hakuna jalala la kwenda kupekua."
Halafu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kupekua,
akanionyesha jinsi ya kuiuliza kabla ya kuituma.

Nikauliza. Mtambo ukajibu:

ningefuta rasimu ya zamani
ningefuta picha ya risiti
ningefuta dzombo

Ningefuta.
Nge mdogo katikati ya neno, mkia juu, hajauma.
Majuto yetu yote hulala humo:
ningempigia, ningevuka feri siku ile,
ningesajili.
Lakini nge huyu wa mtambo hakutazama nyuma.
Alitazama mbele, akatulia,
akaningoja mimi.

Nikimsajili, atasafiri na kazi ya kampuni;
mteja wa Kilindini atamkuta kando ya faini zake
akiomba betri.
Nisipomsajili, siku moja mtu mwenye haraka
atashika ufagio.

Ipo orodha ya tatu, ya vitu vya kupuuzwa.
Ukiandikwa humo, mtambo hukupita makusudi,
na ufagio nao hukupita, ila ushikwe na mwenye kulazimisha.
Nikaliandika jina lake pale, herufi sita.
Miaka sita serikali ilimpuuza bure.
Huku angalau nimempuuza mimi, ndugu yake,
kwa mkono wangu.

Nikarudi kwenye makontena.
Saa nne nikasajili. Kwenye nafasi ya maelezo:
Idi si siku ya kazi.
Saa nne na robo nikasajili tena, nukta moja tu imebadilika.
Na saa nne na dakika ishirini.
"Sasa umezidi," akasema Shekue.
Nikasajili.